Kutoka Lukaya mpaka Litembo: niliyojifunza nikibeba barua

Kazi ya posta niliipata kwa sababu ya miguu. Cheti changu kilikuwa cha darasa la saba tu kama cha wenzangu wengi, ila yule bwana aliyekuwa anatuhoji pale Mbinga mwaka 1980 alipoona nimetoka kwenye umgambo, vita ya Amin, akaniuliza huko Uganda si mlikuwa mnapanda magari? Nikamwambia mzee, magari yalikuwa yanabeba risasi na chakula, sisi tulitembea kutoka Mutukula pale mpakani kwenda Kampala, zaidi ya km 200, mzigo mgongoni. Akacheka, akasema basi huku Umatengoni utaona kama unaenda chooni. Nikaanza kazi.

Kwa ambao hamjafika Mbinga, kule ni milima juu ya milima, kahawa na maharage, na yale mashamba ya ngoro, vishimo vilivyopangwa kwenye mteremko mpaka juu kabisa, Wamatengo wameyalima hivyo tangu enzi za mababu. Juni na Julai baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Sa hivi lami imefika Mbinga na imeshuka mpaka Mbamba Bay ziwani, lakini mi naongelea wakati ambao hata Makambako–Songea ilikuwa vumbi, na ukitoka Mbinga kupanda Litembo wakati wa kifuku, yaani mvua, gari la misheni lenyewe lilikuwa linafungwa minyororo kwenye matairi na bado linalala njiani.

Sasa nyie mliokua na simu mkononi niwaeleze kidogo barua ilikuwa inafikaje, maana wajukuu zangu wanadhani kulikuwa na mtu anakuja mlangoni na kofia kama kwenye sinema. Nchi yetu haikuwa na utaratibu wa kupeleka barua nyumba kwa nyumba kijijini, kila kitu kinaenda kwenye S.L.P., na mwanakijijini wa kawaida hana sanduku lake. Kwa hiyo anaandikiwa kwa kupitia kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, au paroko, au mganga wa zahanati, wenye sanduku ni wao, na siku ya barua mwalimu anasimama mstarini asubuhi anasoma majina, mtoto wa jirani anachukua barua anaiweka kwenye daftari anapeleka. Ikifika bado haijalowa, unashukuru. Kazi yangu ilikuwa kutoa mfuko Mbinga mjini, umefungwa kwa kamba na kupigwa lakiri, kwenda nao Litembo na vijiji vya huko juu, nikipita mashuleni, misheni, zahanati na ofisi za vijiji, na kurudi na mfuko wa barua zinazotoka. Nilikuwa pia nauza stempu na zile eagramu za bluu, karatasi za barua za ndege, kwa walio na watoto ng'ambo, mapadri wengi walikuwa wanazinunua.

Kwa utaratibu kazi yangu iliishia mlangoni kwa mwalimu mkuu. Kwa ukweli iliishia pale alipo mwenye barua, kwa sababu njia ndo ile ile, na unapita shambani kwa mtu unamwona anapalilia na unajua kabisa ndani ya mfuko kuna bahasha ya mwanae aliyeko Tanga kwenye mkonge, utampitaje? Shuleni nikimaliza kukabidhi, mwalimu mwenyewe ananirudishia zile za njiani, anasema Bwana Posta nipunguzie. Basi ndo hivyo nikawa mtu wa nyumba kwa nyumba.

Baiskeli nilipewa Phoenix. Miaka ile ya mwanzo ya themanini, wanaokumbuka wanakumbuka, vita ilikula hela ya nchi, Mwalimu Nyerere akatuambia tufunge mkanda miezi 18 na mkanda ukafungwa miaka, sabuni hamna, sukari kwa mgao, na tairi la baiskeli lilikuwa kitu cha kuandikia barua wizarani. Tyubu ikioza kabisa tulikuwa tunajaza majani makavu ndani ya tairi tunafunga kwa mpira, inaenda, ila ukishuka mlima meno yanagongana. Nusu ya njia nilikuwa nasukuma baiskeli badala ya baiskeli kunibeba mimi. Lakini sikulalamika sana, kwa mtu aliyeshavaa mabuti yaliyolowa mwezi mzima hiyo ilikuwa raha.

Vita yenyewe nilienda hivi. Amin alivamia Kagera tarehe 30 Oktoba 1978, mwanzoni mwa Novemba Mwalimu akaongea, sababu tunayo, nia tunayo, uwezo tunao, kijijini kwetu tuliisikiliza kwenye redio ya katekista watu wamejaa mpaka nje kwenye migomba. Mi nilikuwa nimeshapitia mafunzo ya mgambo, nikaitwa. Lori, treni, meli kutoka Mwanza mpaka Bukoba. Kagera ile sitaieleza sana, nyumba zimechomwa, ng'ombe hamna hata mmoja, daraja la Kyaka limevunjwa. Januari 1979 Mutukula ikachukuliwa, mwezi wa pili mwishoni tukawa Masaka.

Kwenye platuni yetu wengine walikuwa hawajui kuandika vizuri, au wanajua ila mkono mzito, wakagundua mi nina mwandiko mzuri, ikawa kila tukipumzika nageuzwa karani. Tuliambiwa tusitaje mahali tulipo wala tunakoenda. Sasa ukimtoa mtu mahali na vita, anabaki na nini cha kuandika? Anabaki na madhumuni ya barua hii ni kutaka kujua hali yako, mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu, halafu anakaa kimya anaangalia mabuti yake. Mwisho anasema andika tumekula ndizi. Andika nimepata sweta. Andika yule jamaa wa kijiji cha pili tuko naye, tunalala handaki moja. Mi nilikuwa naona ni upuuzi, kijana wa miaka ishirini na kitu nimebeba SMG, nataka kuandika mambo makubwa, wao wananiambia ndizi. Nikawa naandika ndizi.

Ya kwangu niliyomwandikia mama nikiwa Masaka ilifika mimi nimesharudi. Kweli kabisa. Niko nyumbani nanyonyoa kuku, mtoto analeta bahasha kutoka shule, mwandiko wangu mwenyewe juu. Nikataka kuichana, kuna haja gani, mama akakataa katakata, akaniambia keti hapo unisomee. Nikamsomea barua yangu mwenyewe, mwanae nimekaa mbele yake mzima nina miguu yote, na nilipofika kwenye sweta akanisimamisha. Rudia hapo. Nikarudia. La rangi gani? Nikamwambia la kijani, lilikuwa limetoboka kiwiko. Akaenda kuwaambia majirani kwamba alikuwa na sweta. Kampala imeanguka tarehe 11 Aprili, redio imepiga kelele nchi nzima, na mama yangu habari aliyoibeba kwenda kwa majirani ni sweta.

Wakati ule sikuitilia maanani. Nilikuja kuielewa posta.

Maana nikishafika kwa mtu na barua, kazi ya pili ilikuwa kuisoma. Elimu ya watu wazima ilikuwa imefanya kazi kubwa, wazee wengi walijua herufi, lakini kusoma ubao wa darasani ni kitu kimoja na kusoma mwandiko wa kijana aliyeandika usiku kwa kibatari ni kitu kingine, halafu macho nayo. Kwa hiyo nilisoma barua nyingi sana za watu, na kitu kimoja kikawa kinajirudia mpaka nikaanza kukitegemea: wanaobaki nyumbani hawashiki mambo makubwa. Kijana anaandika nimepandishwa cheo kiwandani, mama anasema eeh. Anaandika siku hizi nakula kwa mama mmoja wa Kizaramo anapika samaki vizuri, hapo mama anasimamisha kila kitu, huyo mama anaitwa nani, ana umri gani, samaki gani. Ananiuliza mimi! Kama vile mi nilikuwepo. Salamu nazo usithubutu kuziruka, lile orodha la nisalimie fulani, nisalimie fulani na mkewe, vijana wa sasa wangesema maneno ya kujazia, lakini pale likikosekana jina la mtu mmoja nyumba nzima inabadilika, wanaanza kujiuliza wamekosana lini.

Halafu kuna adabu zake, hizo hakunifundisha mtu ofisini. Kwanza hausomi kabla hujauliza tusomee hapa au tusogee kule mgombani, hasa kwa mwanamke aliyeolewa anayeishi na mama mkwe, maana mume anaweza kuwa ameandika ya chumbani, au ameandika hela nimempa kaka akuletee na kaka mwenyewe yuko hapo amekaa anakodoa macho. Pili uso wako ukae vile vile. Ukisoma kimoyomoyo kwanza ukanyanyua nyusi, umeshaharibu, mtu anasoma uso wako kabla hujasoma barua yake. Tatu ukitoka hapo umesahau. Kilabuni watu watakununulia pombe wakuulize mke wa fulani ameandikiwa nini, kunywa pombe yao kama unataka, ila hukumbuki. Hili la tatu kwangu lilikuwa rahisi, nilikuwa nimeshakuwa fundi wa kukaa na vitu ndani bila kuvisema.

Telegramu ndo zilikuwa msalaba. Watu wanalipa kwa neno, kwa hiyo hakuna salamu, hakuna hofu na mashaka, ni BABA AMEFARIKI NJOO HARAKA, basi. Mara nyingine redio ilikuwa inatutangulia, wale wa umri wangu mnakumbuka matangazo ya vifo ya RTD, ukisikia ule muziki tu unaacha kutafuna, unasubiri jina la kijiji. Lakini isipotangazwa, ni mimi. Nilichoona ni kwamba watu wanakusoma kwa mbali kwa mwendo. Nikiwa na barua ya kawaida napiga kengele ya baiskeli toka bondeni, watoto wanakimbilia. Siku ya telegramu ya msiba ukinyamaza tu usipige kengele, mwanamke anaanza kulia uko mita mia mbili, hata kama telegramu ni ya jirani yake. Nikaamua kengele napiga siku zote, mwendo ule ule siku zote, kofia ile ile, na nikifika naomba maji ya kunywa kwanza kila nyumba, iwe heri iwe shari. Wengine walinisema nina roho ngumu, unapigaje kengele umebeba kifo. Lakini nilikuwa nimeona vitani yule mwenzetu wa kuleta taarifa, akija anakimbia handaki zima linapoteza akili kabla hajafungua mdomo, na akija kwa mwendo wake watu wanasikiliza wanafanya linalotakiwa. Bado naamini nilikuwa sahihi.

Za furaha zilikuwa za kuchaguliwa kidato cha kwanza. Sijui niwaelezeje. Miaka ile shule nzima ya msingi inaweza kutoa mtoto mmoja au wawili kwenda sekondari ya serikali, mwaka mwingine hamna kabisa, kwa hiyo bahasha ile ya kahawia nilikuwa naibeba kifuani ndani ya shati badala ya kwenye mfuko. Kuna baba mmoja nilimkuta juu ya mti wa mparachichi, nikamwambia shuka, akasema sema huko huko, nikamwambia shuka bwana una mtoto sekondari, akashuka kwa kuanguka. Hakuumia sana.

Sasa vita. Toka nirudi 1979 nilikuwa siongei habari za vita, na kilabuni ndo walikuwa wananitafuta, hebu tueleze bwana, uliua wangapi, makombora ya saba saba yakipigwa inakuwaje. Watu wazuri tu, wananinunulia pombe, ila mi mdomo unakauka. Kifuku radi ikipiga kwenye milima ile nilikuwa najikuta nimelala mtaroni na baiskeli juu yangu, watoto wa shule wanacheka, afu wakazoea, wakawa wananisaidia kuokota barua. Mke wangu alijua asinishtue usingizini kwa mkono, ananiita kwa mbali. Hayo tuliishi nayo tu, hapakuwa na mtu wa kumpelekea.

Kwenye njia yangu kulikuwa na bibi mmoja, mwanae tulienda naye. Sitamtaja. Tulikuwa handaki moja, yeye ndo yule wa kwenye barua za watu, yule jamaa wa kijiji cha pili. Alikufa Lukaya tarehe 10 Machi, amezikwa Kaboya kule Muleba pamoja na wenzake, na familia ilipewa taarifa kiserikali mapema kabla sijarudi, kwa hiyo haikuwa siri na sikuwa na la kumpelekea. Bibi yule hakuwa na mtu wa kumwandikia tena, lakini kila nikipita anatoka mlangoni, tunasalimiana shikamoo marahaba, ananipa maji, nachukua baiskeli naenda. Hatukuwahi kugusa. Ilikwenda hivyo miaka.

Siku moja ya baridi, mwezi wa saba, ananipa uji badala ya maji, nakunywa, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa: hivi baba, huko mlikuwa mnakula nini?

Kama angeniuliza alikufaje nadhani ningesimama nikaondoka, sitaki kudanganya. Lakini hili swali nilikuwa nalijua. Nilikuwa nimelisikia kwenye kila nyumba ya njia ile, ni swali la samaki wa mama wa Kizaramo, ni swali la sweta. Nikakaa chini. Nikamwambia maharage na ugali chakula kikifika, kisipofika biskuti ngumu unazilowesha kwenye maji, na tulipovuka Uganda wenyeji walikuwa wanatuletea ndizi, matoke, walikuwa wanatuita wakombozi kwa lafudhi yao. Akauliza na yeye alikuwa anazipenda hizo ndizi? Nikasema alikuwa anazilalamikia, anasema hazina chumvi. Akacheka! Akasema huyo ndo yeye, hata mboga yangu alikuwa anasema haina chumvi.

Tukaenda hivyo hivyo. Viatu vilikuwa vinamtosha? Vilikuwa vikubwa, alikuwa anaweka kitambaa mbele. Mlikuwa mnalala kwenye baridi? Handakini, tumebanana, kule hakuna baridi kama ya kwetu, ni mbu. Nikajikuta nimefika Lukaya bila kusukumwa. Lukaya ni mji mdogo kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala, mbele yake kinamasi, barabara inapita katikati ya maji. Brigedi yetu ya 201 wengi tulikuwa mgambo, na upande wa Amin kulikuwa na Walibya wamekuja na yale makombora yanayotoka kwa mfululizo, hatujawahi kusikia kitu cha namna ile, jioni wakatupiga nayo na tukarudi nyuma ovyo ovyo, kila mtu upande wake. Usiku ule wenzetu wa 208 wakatumwa kuzunguka ili wawakate kwa nyuma, sisi tukajipanga upya, na kesho yake tarehe 11 Lukaya ikarudi mikononi mwetu, waliosoma historia ya vita hii wanajua kwamba baada ya pale njia ya Kampala ikawa imefunguka. Lakini yeye hakuifikia kesho yake.

Bibi akauliza alikuwa anakimbia? Nikamwambia ndiyo, wote tulikuwa tunakimbia. Akatikisa kichwa, akasema vizuri, mwenye akili anakimbia. Alikuwa na nani? Alikuwa na mimi mpaka giza lilipoingia, na asubuhi sisi ndo tuliomkuta. Akauliza alikuwa amevaa vile viatu? Nikasema alikuwa amevaa.

Akanyamaza akaniongeza uji.

Wiki iliyofuata napita ananiambia niandikie hayo, mjukuu awe ananisomea. Nikasema sawa. Akaongeza, uandike kama yeye ndo anaandika, uanze na mama mpendwa. Hapo nikakataa. Nilimwambia mama, mi nimewaandikia watu barua nyingi, lakini kila mmoja alikuwa amekaa pembeni yangu ananiambia niandike nini, huyu hayupo wa kuniambia. Alinuna kidogo, ana haki. Nikamwandikia kwa jina langu, kurasa za daftari, nikaanza kama kawaida, madhumuni ya barua hii, nikaweka ndizi, chumvi, kitambaa kwenye viatu, majina ya vijiji vya wenzetu tuliokuwa nao, na siku ile ya Lukaya nikaiandika ilivyokuwa, tulikimbia, nilikuwa naye mpaka giza lilipoingia, asubuhi tukamkuta. Nikanunua stempu kwa hela yangu, nikaigonga muhuri Mbinga, nikaipeleka kwa njia yake kupitia shule, mwalimu akaisoma jina mstarini. Nilitaka ifike kama barua nyingine zinavyofika.

Baada ya hapo wakaanza kuja wengine. Mjane mmoja kutoka bonde la pili, mzee mmoja ambaye mwanae alikuwa jeshini kabisa sio mgambo, hata hatukuwahi kuonana huko, nikamwambia mzee sikumjua, akasema najua, we nieleze tu huko kukoje, udongo wake rangi gani, wanalima nini. Nikamweleza udongo wa Masaka, mwekundu, migomba na kahawa kama kwetu. Akashika hapo kwenye kahawa. Mkulima wa kahawa alipata faraja kwamba kule nako kuna kahawa, mi ningejuaje kama hajauliza?

Na hili ndo ninaloweza kuwaambia wenzangu waliotoka vitani popote, nimeongea na vijana waliokuwa kwenye ulinzi wa amani Kongo na Darfur nikawaambia hivi hivi: kilabuni wanataka mizinga na nyumbani wanataka maharage, ukienda na mizinga nyumbani hautaongea kamwe, utakaa kimya na wao watadhani umewaficha. Kwangu usingizi ulianza kukaa vizuri kidogo kidogo kipindi hicho hicho. Sisemi ndo dawa, radi bado siipendi.

Posta nayo ikabadilika. Mwaka 1994 shirika letu la Posta na Simu likagawanywa, simu zikaenda TTCL, sisi tukabaki Shirika la Posta. Halafu simu za mkononi, minara ikapanda mlimani, na 2008 ikaja M-Pesa, mani oda zikafa palepale, mtu aliyekuwa anafuata hela Mbinga na barua ya mwenyekiti wa kijiji ya kumtambulisha sasa anapokea akiwa anachambua maharage. Wanaoniuliza kama nasikitika nawaambia hapana, ningeipata hiyo simu 1979 mama asingekaa miezi hajui kama nina sweta. Mfuko wa mwisho mwisho ulikuwa na bahasha za serikali tu na kadi za Krismasi za mapadri. Nikastaafu, nina kahawa yangu na magoti mabovu.

Sa hivi shule ya hapa jirani hunialika karibu na tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, niongee na watoto. Mwalimu wa historia ananitambulisha kwa maneno makubwa mpaka naona aibu, na wavulana wa nyuma wananyoosha mikono kabla sijakaa, babu uliua wangapi, najua linakuja, nawaambia tutafika huko, na siku zote bahati mbaya kengele inalia kabla hatujafika. Mwaka jana binti mmoja wa darasa la tano, mdogo mdogo, akauliza babu mlikuwa mnaoga wapi. Darasa zima likacheka. Nikamwambia njoo ukae mbele, nikawaeleza habari ya kuoga, mvua ikinyesha kila mtu anatoa kipande chake cha sabuni ya kufulia, na yule mwenzetu mmoja aliyejipaka mapovu mwili mzima mvua ikakata, mpaka kengele ikalia na hawakutoka.